Shingo ya triko inakaba? Vitanzi vifungwe kwanza, makasi yafuate

Kiangazi kikiingia Kivu, kati ya mwezi wa sita na mwezi wa nane, asubuhi inakuwa na baridi ya kweli. Bukavu na Goma ziko kwenye urefu wa karibu metre 1.500 juu ya bahari. Butembo iko juu zaidi, na vijiji vya milima ya Lubero, Masisi na Minembwe vinapita hapo. Katika sehemu hizo triko, ile wengi wanaita "mupira ya baridi", si nguo ya urembo. Ndiyo inayomfikisha mtoto shuleni bila kutetemeka, na ndiyo mama anavaa saa kumi na moja ya asubuhi akienda kupanga bidhaa zake sokoni.

Nyingi ya triko hizi zinatoka kwenye baloti, nguo zilizokwisha kuvaliwa mbali. Mnunuzi anachagua ku fungu, anapima kwa macho, analipa. Akifika nyumbani ndipo anaona shida: mwili unaenea vizuri, mikono iko sawa, lakini shingo haipitishi kichwa cha mtoto. Ao inapita kwa nguvu, mtoto analia, masikio yanakuwa mekundu. Ao shingo ni ndefu ya kukunjwa, inakuna kidevu siku nzima. Ao tena imelegea mpaka bega linabaki nje na baridi inaingilia hapo.

Wengi wanafanya kitu kimoja: wanachukua makasi na kukata kidogo mbele, sentimetre mbili ao tatu, "ili kichwa kipite." Siku hiyo kichwa kinapita. Lakini baada ya kufula mara mbili, mstari unafunguka kutoka shingoni na kushuka kifuani kama ngazi. Baada ya mwezi triko imekuwa ya kupangusia meza, na feza zimekwenda bure.

Shingo ya triko inaweza kurekebishwa nyumbani, kwa sindano na uzi, bila mashini. Lakini kazi hii ina utaratibu wake, na anayeuelewa hapotezi nguo.

Kwa nini triko inafumuka na kitenge hakifumuki

Kitenge kimefumwa kwa nyuzi zinazopishana, moja ikienda upande, nyingine ikipanda. Ukikikata, nyuzi za kando zinachomoka kidogo kidogo, lakini katikati kinabaki imara.

Triko ni kitu kingine. Imetengenezwa kwa uzi unaozunguka na kufanya vitanzi, kila kitanzi kikiwa kimepita ndani ya mwenzake wa chini. Ndiyo sababu inavutika. Na ndiyo sababu pia ina hatari: kitanzi cha juu ndicho kinashikilia kile cha chini. Kikikatwa, cha chini yake kinabaki bila mlinzi. Mtu akivuta nguo, nacho kinatoka, kisha cha tatu, cha nne, kinashuka hivyo hivyo.

Triko nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo zinafumuka kirahisi kutoka juu kwenda chini, na shingo ndiyo fasi ya juu kabisa. Tundu dogo kwenye kiwiko linaweza kungoja. Lakini kitanzi kimoja kilichokatwa mbele ya shingo kina kifua chote chini yake.

Kwanza, kuijua triko yenyewe

Kabla ya kugusa makasi, mambo mawili yanahitaji kujulikana.

La kwanza ni namna shingo ilivyowekwa. Triko inageuzwa ndani nje, kisha inaangaliwa pale ukingo wa kuvutika wa shingo unapokutana na mwili. Kama kuna mshono wenye nyuzi nyingi za kuzungushia, ukingo ulishonwa juu ya nguo iliyokatwa, sawa na kwenye tishati. Huo unaweza kufunguliwa kwa wembe, uzi kwa uzi, bila kukata kitanzi hata kimoja. Kama hakuna mshono, vitanzi vya mwili vinaendelea moja kwa moja mpaka shingoni, basi triko hiyo ilifumwa kwa mkono ao kwa mashini ya kufuma, na inataka uangalifu zaidi.

La pili ni aina ya uzi. Karatasi ndogo ya ndani ikiwa bado iko, inasema. Ikiwa imekatwa, kuna kipimo cha moto: uzi mfupi unatolewa ndani ya mshono, unashikwa kwa chuma mbali na watoto, unawashwa juu ya sahani. Uzi wa manyoya ya kondoo unanuka kama nywele zilizoungua, na unabakiza majivu yanayovunjika ukiyafinya. Uzi wa akriliki, ambao ni wa kiwandani, unayeyuka na kubakiza kidonge kigumu cheusi. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua.

Tofauti hii ina maana. Manyoya ya kondoo yana vimagamba vidogo ambavyo macho hayaoni, vinashikamana, kwa hiyo vitanzi vyake havikimbii haraka. Akriliki na pamba vinateleza. Na akriliki inaogopa moto: pasi ya makaa ikiikanyaga mara moja, inalegea na kulala, na hairudi tena kama zamani.

Mara nyingi makasi hayahitajiki

Hapa ndipo familia nyingi zingeokoa nguo zao. Kuna njia nne ambazo hazikati kitanzi.

*Maji na sahani.* Kama triko ni ya manyoya ya kondoo na shingo inabana kidogo tu, inaloweshwa katika maji ya uvuguvugu, inafinywa bila kuzongwa, kisha shingo inavutwa juu ya sahani ao kifuniko cha sufuria chenye upana unaotakiwa. Inaachwa hapo mpaka ikauke kabisa. Manyoya yakikauka yanabaki na umbo hilo, hata kama baada ya kufula kazi inarudiwa. Kwa akriliki njia hii haifai kitu, shingo itarudi ilivyokuwa.

*Kufungua mstari wa mwisho.* Triko iliyofumwa kwa mkono na mama ao bibi mara nyingi haina shingo ndogo. Shida iko ku mstari wa mwisho, ule wa kufungia, uliovutwa sana. Vitanzi vya chini yake vinavutika vizuri, lakini mstari huo mmoja unashika kama kamba. Dawa ni kuutafuta mwisho wa uzi, kufungua mstari huo tu, kurudisha vitanzi vyote juu ya sindano ya kufumia, na kufunga upya kwa sindano nene zaidi, mkono ukiwa mwepesi. Wasiokuwa na sindano wanatumia waya za gurudumu la kinga, zilizolainishwa ncha. Katika saa moja shingo inapita, na hakuna kilichokatwa.

*Kukunja shingo ndefu.* Shingo ya kukunjwa inayokuna kidevu haihitaji kukatwa. Inakunjwa kuelekea ndani mpaka kando yake ifike kwenye mshono wa shingo, kisha inashikwa kwa sindano na uzi wa rangi ileile, kitanzi kwa kitanzi, uzi ukiachwa umelegea kidogo ili shingo iendelee kuvutika. Inakuwa shingo ya mviringo, nene, yenye joto. Mtoto akikua, inafunguliwa tena.

*Kufungua bega.* Kwa mtoto mdogo hii ndiyo njia bora kuliko zote. Mshono wa bega moja, mara nyingi la kushoto, unafunguliwa kwa wembe kuanzia shingoni, sentimetre 6 hadi 8. Kwenye triko nyingi za kiwanda ukingo wa shingo wenyewe una mshono wake karibu na bega hilo, kwa hiyo nao unafunguka bila kukatwa. Kando mbili zilizobaki zinafungwa kwa uzi, kisha kila upande unashonewa kipande chembamba cha kitambaa kwa ndani ili usivutike. Upande wa mbele unapewa vitanzi vya uzi, upande wa nyuma vifungo viwili ao vitatu vya bapa. Asubuhi shingo inafunguka kwa upana, kichwa kinapita bila kilio, kisha inafungwa na joto linabaki.

Vifungo vya mtoto mdogo vinahitaji kushonwa kwa nguvu na kuvutwa kila baada ya kufula ili kuona kama vinashika, kwa sababu mtoto anaviweka mdomoni na vinaweza kumkaba. Na kamba ya kuvuta shingoni si ya mtoto. Kamba inanasa kwenye mlango, kwenye kinga ao kwenye tawi wakati mtoto anakimbia. Ulaya kanuni ya usalama EN 14682 inakataza kamba kichwani na shingoni kwa nguo za watoto wadogo, mpaka umri wa miaka 7. Koti ao triko ya baloti ikija na kamba hiyo, ni vizuri kuitoa siku ileile.

Kama lazima kukata: kupima kichwa, si shingo

Kuna triko ambazo njia hizo haziziwezi. Ukingo umechakaa, umeungua, ao mwenye nguo anataka shingo ya V ili kola ya shati nyeupe ya shule ionekane. Hapo makasi yanaingia, lakini kwa hesabu.

Kinachopimwa ni kichwa. Uzi unazungushwa juu ya nyusi na nyuma pale kichwa kinapotokeza zaidi, kisha unalazwa juu ya rula. Mtoto wa miaka miwili ana karibu sentimetre 48, wa miaka mitano karibu 51, mtu mzima mara nyingi kati ya 55 na 58. Shingo ikivutwa kwa mikono miwili, inapaswa kuzidi kipimo hicho kwa sentimetre 2 hivi. Si lazima iwe pana hivyo ikiwa imelala. Triko inavutika, na shingo iliyo pana kama kichwa hata bila kuvutwa itaacha mabega nje.

Kosa linaloharibu triko nyingi liko hapa. Mtu anaona shingo inabana, anaongeza tundu kwa sentimetre 2 kuzunguka pande zote, na anafikiri ameongeza kidogo. Kumbe mzunguko wa shingo umeongezeka kwa zaidi ya sentimetre 12. Sentimetre 1 tu kuzunguka pande zote inaleta karibu 6. Kwa mtoto, hiyo mara nyingi inatosha kabisa. Kukata tena kidogo ni rahisi. Kurudisha kilichokatwa haiwezekani.

Tena, shingo haiongezwi sawa pande zote. Nyuma inaguswa kidogo sana ao haiguswi, kwa sababu shingo ya nyuma ikishuka, triko yote inateleza nyuma na mbele inapanda kumkaba mwenye kuivaa. Nafasi inatafutwa mbele.

Alama, kisha mishono miwili, kisha makasi

Triko inalazwa juu ya meza ao mkeka, bila kuvutwa. Inakunjwa katikati, bega juu ya bega, ili pande mbili ziwe sawa. Alama inapigwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu ya muda. Chaki inapotea ndani ya triko, na kalamu ya bik haitoki tena. Kwa shingo ya V, mshonaji anatafuta kwanza safu ya vitanzi iliyo katikati ya kifua na kuifuata kwa macho kutoka chini mpaka juu, maana V iliyokwenda pembeni kwa vitanzi vitatu tu inaonekana kwa kila mtu. Ni vizuri kuvaa triko mbele ya kioo na alama hiyo kabla ya kuendelea.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi wanairuka. *Kabla ya kukata*, vitanzi vinafungwa. Mstari wa kwanza wa mshono unafuata alama yenyewe. Wa pili unapita nusu sentimetre kutoka hapo, upande wa shingoni, yaani upande wa kipande kitakachotoka. Kwa mkono, mshono mzuri ni ule wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi nusu ya hatua, inatoka tena mbele. Kila kitanzi kinachokutana na mstari kinapaswa kushikwa na uzi. Kikiachwa kimoja, ndicho kitakachofungua mlango kwa wengine.

Mwenye mashini ya zigizaga anatumia hiyo, kwa kuwa mshono wake unavutika pamoja na triko. Mashini nyingi za kukanyaga kwa miguu zinashona moja kwa moja tu. Zinafaa, lakini triko inavutwa kidogo sana wakati wa kushona, ili uzi usikatike baadaye kichwa kikipita. Tena, mguu wa mashini unapenda kuisukuma triko na kuifanya mawimbi. Karatasi ya kaye ikiwekwa chini yake inazuia hilo, na baada ya kushona inachanika na kutoka yenyewe.

Mishono miwili ikiisha, mshonaji anavuta shingo kwa mikono kuangalia kama uzi unashika, na anapima tena upana. Ndipo makasi yanaingia. Yanapita nje ya mstari wa pili, upande wa shingoni, yakiacha nafasi ndogo ya nusu sentimetre. Yanakata kwa hatua ndefu na ncha safi. Uzi wa mshono ukiguswa na makasi, hapo hapo panarudiwa kwa sindano kabla ya kuendelea.

Ukingo mpya unatoka wapi

Shingo iliyokatwa na kuachwa hivyo itajikunja na kuchakaa. Inahitaji ukingo. Kuununua si lazima, triko iliyokufa iko karibu kila nyumba. Ile yenye viwiko vilivyotoboka bado ina ukingo wa chini ulio mzima, ule wa kuvutika unaoshika kiunoni. Huo ni mrefu wa kutosha kwa shingo ya mtu mzima na mtoto pamoja. Kwa mtoto mdogo, hata vikomo vya mikono ya triko ya mtu mkubwa, viwili vikiunganishwa, vinaweza kutosha.

Ukingo wa chini una faida moja kubwa: kando yake ya nje imemalizika tangu kiwandani, haifumuki. Kwa hiyo mshonaji anashona mstari mmoja juu ya ukingo huo kwanza, kisha anaukata, na ile kando iliyomalizika ndiyo itakuwa juu shingoni. Upana wa sentimetre 3 hadi 4 unatosha.

Urefu una kanuni rahisi: kwa kila sentimetre 6 za tundu, sentimetre 5 za ukingo. Tundu la sentimetre 60 linataka ukingo wa 50, pamoja na 2 za kuunganishia. Ukingo ulio sawa na tundu utasimama kama mdomo wa kikapu. Ukingo mfupi kidogo unalala vizuri juu ya mwili. Lakini kabla ya kuushona, unaunganishwa kuwa duara na kupitishwa kichwani kwa mwenye nguo. Kama haupiti sasa, hautapita hata ukishonwa.

Kisha tundu linagawanywa mara nne kwa pini, na duara la ukingo nalo mara nne. Pini zinakutanishwa, uso kwa uso, mshono wa ukingo ukiwekwa nyuma ao kwenye bega. Kati ya pini na pini, ukingo unavutwa polepole mpaka ulingane na nguo, na mshono wa kurudi nyuma unapita juu ya ule mstari wa kwanza wa alama. Kwa shingo ya V duara halifungwi: ncha mbili za ukingo zinapishana pale chini, ya mwanaume ao ya mwanamke kadiri ya desturi ya nyumba, na pembe inaimarishwa kwa mishono mitatu ao mine ya ziada, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote zinakutana.

Mwishoni, kando ya ndani inazungushiwa uzi kwa mkono ili isichakae wala kumkuna mtoto.

Shingo iliyolegea

Shida ya kinyume inatibika bila makasi. Anayejua kroshe anapitisha mstari mmoja kuzunguka shingo, akishika vitanzi vinne na kuruka cha tano. Shingo inakaza. Ikibaki pana, anapita mara ya pili. Asiyejua kroshe anashona kipande chembamba cha kitambaa kisichovutika kwa ndani, nyuma ya shingo, kutoka bega hadi bega, kikiwa kifupi kidogo kuliko shingo yenyewe. Kipande hicho kidogo kinazuia triko isiendelee kuvutika kila siku, na mabega yanarudi mahali pake.

Lastiki ya kupitisha shingoni ni njia ya haraka, lakini ikikazwa sana inaacha alama kwenye ngozi, na kwa mtoto mchanga haifai.

Baada ya kazi

Shingo iliyorekebishwa inafulwa mara ya kwanza kwa mkono, peke yake, katika maji baridi ao uvuguvugu. Triko ya manyoya ya kondoo ikiwekwa katika maji ya moto na kusuguliwa, inashikamana na kusinyaa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Triko iliyolowa ni nzito. Ikitundikwa kwenye kamba kwa mabega, uzito wa maji unavuta shingo na kazi yote inaharibika. Inafinywa ndani ya taulo ao kitenge kikavu, kisha inalazwa bapa juu ya mkeka kivulini. Wakati wa mvua wengine wanaikausha juu ya mbabula. Kwa akriliki hiyo ni hatari: cheche moja inatosha kuyeyusha tundu, na moto ukishika, uzi huo unaendelea kuyeyuka juu ya ngozi.

Kuna triko ambazo ni bora zipelekwe kwa mshonaji mwenye mashini ya kufunga kando: zile za uzi mwembamba sana unaoteleza, zile zenye michoro mikubwa mbele, na ile ya pekee ambayo familia haiwezi kuipoteza. Hata hapo, anayejua hesabu ya kichwa na kanuni ya tano kwa sita anaweza kuzungumza na fundi vizuri, na kukataa kazi iliyokatwa kabla ya kufungwa.

Kwa anayeanza, njia ya kujifunza bila hasara ni kuchukua ile triko iliyokufa, iliyotolewa ukingo, na kujaribu juu ya mwili wake uliobaki: kushona mistari miwili, kukata, kuvuta kwa nguvu. Kisha kukata upande mwingine bila kushona, na kuvuta vilevile. Upande wa kwanza unabaki kama ulivyo. Upande wa pili unafunguka mikononi palepale. Aliyeona hivyo mara moja kwa macho yake hatashika tena makasi kabla ya sindano, na triko ya mkubwa itafika kwa mdogo wake ikiwa bado na shingo nzima.